Mgonjwa kuchagua hospitali, hospitali kushindana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila serikali inapotangaza kwamba mgonjwa anayetibiwa kwa fedha za umma atachagua mwenyewe pa kutibiwa, maswali ni yale yale. Wapo wanaoshangilia, wapo wanaoona ni mlango wa nyuma wa kuuza hospitali za umma. Majibu yafuatayo yanaegemea sana England, kwa sababu huko jambo hili limejaribiwa, likafutwa, likarudishwa, likapimwa na kugombaniwa kwa zaidi ya miaka thelathini. Nchi nyingine zinaingia pale zinapokuwa na jambo la kutufundisha.

"Uchaguzi wa mgonjwa" maana yake nini hasa?

Neno ni moja, mambo ni mengi, na nusu ya ubishi hutokana na watu kuzungumzia vitu tofauti. Kuna kuchagua daktari wa kwanza au kituo cha afya unachojiandikisha. Kuna kuchagua hospitali unapopewa rufaa. Kuna kuchagua bingwa atakayekushika. Kuna kuchagua bima, kwenye nchi zenye bima zaidi ya moja. Halafu kuna kuchagua tiba yenyewe: nifanyiwe upasuaji wa goti, au niendelee na mazoezi na vidonge kwa mwaka mwingine?

Wanasiasa wakisema "uchaguzi" mara nyingi wanamaanisha hospitali ya rufaa. Mimi naona huo wa mwisho ndio unaomgusa mgonjwa zaidi, na ndio unaozungumzwa kidogo kuliko yote. Lakini kwa kuwa maswali mengi yanahusu hospitali, tuendelee na hospitali.

Kama anayelipa ni serikali, hospitali zinashindania nini?

Zinashindania wagonjwa, na fedha zinazowafuata.

Chukua hospitali mbili zenye vitanda sawa. Ya kwanza hupewa fungu moja mwanzoni mwa mwaka, waje wagonjwa elfu tano au elfu saba. Kwa mhasibu wake, kila mgonjwa anayezidi ni hasara: anatumia dawa, bandeji na muda wa wauguzi, na fungu haliongezeki hata senti. Foleni ndefu haimsumbui mhasibu huyo. Tena inamsaidia, maana inachelewesha matumizi. Hospitali ya pili hulipwa kwa kila mgonjwa aliyetibiwa, kiasi kilichopangwa kwa kila aina ya tiba. Hapo mgonjwa aliyekwenda kwa jirani ni pesa iliyokwenda kwa jirani, na mkurugenzi ataanza kuuliza kwa nini simu ya mapokezi haipokewi.

Wazo la kumtenganisha mnunuzi wa huduma na mtoaji wake lilipata nguvu Uingereza baada ya mchumi wa Marekani, Alain Enthoven, kulipendekeza mwaka 1985. Serikali ya Margaret Thatcher ikalifanya sheria mwaka 1990, na mwaka uliofuata Huduma ya Taifa ya Afya, yaani NHS, ikaanza kuendeshwa kama soko la ndani. Mgonjwa mwenyewe hakuwa mnunuzi. Walionunua ni mamlaka za afya za maeneo na madaktari wa familia waliokabidhiwa bajeti. Mgonjwa alipelekwa kule mkataba ulikokuwa.

Uchaguzi wa mgonjwa ulikuja baadaye, chini ya Tony Blair. Kuanzia Januari 2006 aliyepewa rufaa isiyo ya dharura alitakiwa apewe angalau hospitali nne za kuchagua. Mwaka 2008 mlango ukafunguliwa zaidi: hospitali yoyote England, ya umma au ya binafsi, ilimradi itimize viwango na ikubali bei ya NHS.

Kwa nini bei ipangwe? Si ushindani wa bei ndio unaoshusha gharama?

Hapa ndipo penye somo kubwa kuliko yote.

Bei huonekana, ubora hujificha. Mnunuzi anaiona bei kwenye karatasi ya mkataba. Kidonda kitakachooza wiki ya pili hakionekani popote. Mchumi Kenneth Arrow alishaeleza mwaka 1963 kwamba kwenye tiba anayeuza anajua mengi kuliko anayenunua, na kwamba mgonjwa mara nyingi hawezi kuijua bidhaa hata baada ya kuitumia. Ukipona, hujui kama ni dawa au mwili wenyewe. Ukiruhusu hospitali zishindane kwa bei katika hali hiyo, zitakata pale pasipoonekana.

Na ndivyo data ya England inavyoelekea kuonyesha. Katika miaka ya 1990 hospitali ziliweza kujadiliana bei na wanunuzi. Mchumi Carol Propper na wenzake walipochambua takwimu za kipindi hicho, walikuta kwamba palipokuwa na ushindani mkali vifo vya waliolazwa kwa mshtuko wa moyo viliongezeka, huku muda wa kusubiri ukipungua. Muda wa kusubiri ulikuwa ukitangazwa na kufuatiliwa. Vifo havikuwa vikitangazwa. Hospitali zilikimbilia kinachohesabiwa.

Kisha kuanzia 2003 bei moja ya kitaifa ikaanza kuwekwa kwa kila aina ya tiba, na uchaguzi ukaja juu ya bei hiyo. Safari hii makundi mawili ya watafiti, la Zack Cooper na wenzake (2011) na la Martin Gaynor, Rodrigo Moreno-Serra na Propper huyo huyo (2013), yakakuta kinyume chake: baada ya 2006, vifo vilipungua kwa kasi zaidi pale hospitali zilipokuwa na washindani karibu.

Nchi ile ile, ugonjwa ule ule, jibu tofauti. Kilichobadilika ni kanuni ya bei.

Lakini mtu mwenye mshtuko wa moyo hachagui hospitali! Vipi kipimo hicho kithibitishe uchaguzi?

Wakosoaji walisema hivyo hivyo, na kwa sauti kubwa. Mtu aliyeanguka sebuleni hafungui tovuti kulinganisha hospitali; gari la wagonjwa linampeleka panapofaa. Watafiti wakajibu kwamba ndiyo maana wakakichagua kipimo hicho: kwa kuwa mgonjwa hachagui, hospitali haiwezi kujikusanyia wagonjwa wepesi, kwa hiyo takwimu ni safi. Na hospitali inayobanwa kupendeza wagonjwa wa goti na nyonga, walisema, hulazimika kuendeshwa vizuri kote, mpaka idara ya moyo.

Nusu ya jibu hilo nalikubali. Kwamba takwimu ni safi, sawa. Kwamba presha ya idara ya mifupa inavuka korido na kufika wodi ya moyo, hapo pengo la maelezo bado lipo. Akikuambia mtu kwamba tafiti hizi zimemaliza ubishi, au kwamba hazina thamani yoyote, wote wawili wametia chumvi.

Mgonjwa wa kawaida anawezaje kujua hospitali ipi ni bora?

Ingia kwenye chumba cha daktari wa familia. Dakika kumi za miadi zimebaki tatu. Goti limeshakunjwa na kunyooshwa, picha imeshaangaliwa, uamuzi wa kumpeleka kwa bingwa umepita. Daktari anageuza kioo cha kompyuta. Kuna hospitali tano, kila moja na umbali wake na idadi ya wiki za kusubiri. Mgonjwa anaitazama orodha, anatazama mlango ambako wengine wanasubiri, kisha anauliza: "Daktari, angekuwa mama yako, ungempeleka wapi?"

Swali hilo lina akili kuliko jedwali zima. Daktari huyo anawajua mabingwa kwa barua wanazomwandikia baada ya kumwona mgonjwa. Anajua nani huandika dawa alizobadilisha na sababu yake, na nani huandika mistari miwili isiyosomeka. Anajua ni hospitali ipi wagonjwa wake hurudi kutoka huko wakilalamika kwamba mshono umefunguka na hakuna aliyepokea simu.

Taasisi ya King's Fund ya London ilipochunguza jambo hili, katika ripoti ya 2010, robo tatu ya wagonjwa walisema kuchagua ni muhimu kwao, lakini karibu nusu tu ndio waliokumbuka kupewa nafasi ya kuchagua. Wengi waliopewa walikwenda hospitali ya karibu. Waliotumia tovuti ya kulinganisha hospitali walikuwa wachache mno. Wengi waliamua kwa uzoefu wao wa zamani, kwa maneno ya daktari, au ya ndugu na marafiki.

Basi si ina maana mpango wote ni bure, kama watu wanakwenda tu hospitali ya karibu?

Hapana. Si lazima wahame wote. Hospitali ikiona wachache kati ya mia wamekwenda kwingine, na fedha zao zimekwenda nao, itajiuliza kulikoni. Gaynor, Propper na Stephan Seiler waliangalia upasuaji wa kuchepusha mishipa ya moyo kabla na baada ya uchaguzi kuanza, na katika utafiti uliochapishwa 2016 wakakuta kwamba wagonjwa waliokuwa na hali mbaya zaidi ndio waliozidi kukwepa hospitali zenye vifo vingi. Kwa upasuaji kama huo, mtu huuliza, na daktari wake huuliza zaidi.

Kwa nini basi takwimu za kila daktari zisitangazwe hadharani?

New York walifanya hivyo. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 jimbo hilo lilitangaza vifo vya upasuaji huo wa moyo kwa kila hospitali, baadaye kwa kila mpasuaji. Vifo vilipungua, na watetezi wakapiga vigelegele. Kisha utafiti wa 2003 ukaonyesha dalili kwamba baadhi ya wapasuaji walikuwa wakiwaepuka wagonjwa walio hoi, wasije wakawaharibia namba. Namba zilikuwa zikirekebishwa kulingana na hali ya mgonjwa, lakini daktari aliye mbele ya mgonjwa huona mambo ambayo hayamo kwenye fomu.

Binafsi naunga mkono takwimu kutangazwa, ila za hospitali au za timu kabla ya za mtu mmoja mmoja.

Nauli nani analipa?

Swali zuri kuliko mengi kwenye ukurasa huu, na wanaoliuliza ni wagonjwa. Watunga sera hulisahau.

Kabla ya kueneza uchaguzi England nzima, palifanyika majaribio kuanzia 2002. Wagonjwa wa moyo waliokuwa wamesubiri zaidi ya miezi sita waliambiwa: tunaweza kukupeleka hospitali nyingine utibiwe mapema. Karibu nusu walikubali. Jijini London, jaribio kama hilo kwa upasuaji wa aina nyingi lilikubaliwa na karibu theluthi mbili ya waliopewa nafasi. Watu walishangaa, kwa sababu dhana ilikuwa kwamba wagonjwa hawapendi kusafiri.

Lakini tazama masharti ya majaribio hayo. Usafiri ulipangwa na kulipiwa. Palikuwa na mshauri maalumu wa kumpigia mgonjwa simu, kumweleza, kumfuatilia. Na kilichotolewa kilikuwa wazi: utangoja kidogo kuliko sasa. Mpango ulipoenezwa nchi nzima, msaada ule wa karibu haukwenda nao. Ukabaki utaratibu wa kurudishia nauli watu wa kipato kidogo wanaotimiza masharti. Uchaguzi usio na nauli ni wa mwenye gari, na wa mwenye mwajiri anayempa ruhusa, na wa mwenye mtu wa kumwachia watoto. Hayo matatu yakikosekana, orodha ya hospitali tano ni orodha ya hospitali moja.

Na wanaoishi mbali na miji?

Kwao ushindani haupo, haijalishi sheria inasema nini. Penye hospitali moja, kinachoweza kuifanya iwe bora ni ukaguzi, viongozi wazuri, wafanyakazi wanaoweza kusema bila kuogopa, na wananchi wanaosikilizwa. Sweden ilipozilazimisha serikali zake za mikoa kuruhusu uchaguzi wa vituo vya huduma ya msingi mwaka 2010, vituo vipya vilifunguliwa, lakini vingi vilikwenda kwenye maeneo yenye watu wengi. Mwekezaji hafungui kituo kufuata ramani ya uhitaji.

Dharura?

Haimo. England pia haki hii haigusi rufaa za haraka za kushukiwa saratani, ambako siku zina thamani kuliko orodha.

Je, hospitali binafsi hazichukui wagonjwa wepesi na kuacha wagumu kwa umma?

Huchukua, na si lazima iwe kwa hila. Upasuaji wa mtoto wa jicho ni mfano mzuri. Ni wa muda mfupi, hufuata hatua zile zile, mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kliniki isiyo na chumba cha wagonjwa mahututi haina budi kumkataa mwenye ugonjwa mkubwa wa moyo, na hilo ni jambo la usalama. England sehemu kubwa ya upasuaji huo unaolipiwa na NHS umehamia kwenye kliniki binafsi, na foleni ya macho imepungua.

Sasa fuata pesa. Bei ya kitaifa imekokotolewa kwa wastani: wepesi na wagumu pamoja. Ukiwatoa wepesi, hospitali ya umma inabaki na wagumu kwa bei ya wastani. Na kuna hasara isiyoandikwa kwenye hesabu yoyote: daktari anayejifunza upasuaji wa macho huanza na macho mepesi. Yakihama yote, atajifunzia wapi? Halafu wauguzi na madaktari wa kliniki ile mpya wametoka wapi kama si hospitali ile ile?

Dawa yake inajulikana: bei tofauti kwa kesi nyepesi na ngumu, na sharti kwamba anayepokea fedha za umma apokee pia wanafunzi. Kuiandika ni rahisi. Kuisimamia kunahitaji mnunuzi anayejua kuhesabu kama wauzaji wake, na hao ni adimu.

Malipo kwa kila mgonjwa hayawezi kuleta tiba zisizohitajika?

Yanaweza. Mtafiti wa afya wa Marekani, Milton Roemer, alionyesha zaidi ya miaka sitini iliyopita kwamba penye bima, kitanda kikishawekwa kitapata mtu wa kukilalia. Ndiyo sababu nchi nyingi huchanganya: sehemu fungu la jumla, sehemu malipo kwa kesi, na kwa huduma ya msingi malipo kwa kila aliyejiandikisha, aje asije. Kila njia ina ugonjwa wake: fungu huzaa foleni, kesi huzaa upasuaji mwingi, na kulipwa kwa kichwa humfanya mtoaji apende vichwa vyenye afya.

Ushindani unafupisha foleni kweli?

Unapoambatana na fedha na nafasi za kutosha, ndiyo. Denmark iliruhusu uchaguzi wa hospitali za umma mwaka 1993. Mwaka 2002 ikaongeza meno: hospitali yako ikishindwa kukutibu ndani ya miezi miwili, unakwenda hospitali binafsi yenye mkataba na umma unalipa. Mwaka 2007 miezi miwili ikawa mmoja. Hapo uchaguzi umefungwa kwenye saa, na mkoa uliochelewa unalipa bili. Lakini kama wapasuaji hawatoshi nchi nzima, kuchagua ni kuhama kutoka foleni hii kwenda ile.

Hospitali ikishindwa kwenye ushindani, inafungwa?

Kwenye vitabu vya uchumi, ndiyo. Kwenye uwanja halisi, mbunge, wauguzi na waandishi wa habari watakuwa getini kabla ya jua kuzama. Soko lisilofunga mtu yeyote lina vitisho vya karatasi. Na linalofunga huumiza. Uholanzi, Oktoba 2018, hospitali ya Slotervaart ya Amsterdam na hospitali za IJsselmeer zilifilisika karibu kwa wakati mmoja, na wagonjwa wakatafutiwa pa kwenda kwa haraka ya kutisha. Kampuni za bima, ambazo huko ndizo zinazozilipa hospitali, ziliona ni jambo la biashara. Mama mwenye miadi ya kujifungulia pale hakuliona hivyo.

England ilipata kichekesho cha upande wa pili. Hospitali za Bournemouth na Poole, majirani wawili wa pwani ya kusini, zilitaka kuungana ili zisirudufishe huduma. Mwaka 2013 mamlaka ya ushindani ikazizuia: kuungana kungewapunguzia wagonjwa uchaguzi. Miaka saba baadaye, 2020, zikaungana.

Kwa hiyo England imerudi nyuma?

Nusu. Sheria ya 2012 iliingiza ushindani ndani kabisa, kiasi kwamba wanunuzi wa huduma waliogopa kutoa mkataba bila zabuni. Sheria ya 2022 ikaondoa sehemu kubwa ya hayo na kuweka ushirikiano mbele. Haki ya mgonjwa kuchagua hospitali kwa miadi ya kwanza na bingwa ikabaki. Scotland na Wales walishaachana na soko la ndani zamani, na zote tatu zina foleni.

Nimepewa rufaa na nimeambiwa nichague. Niulize nini?

Uliza wiki za kusubiri mara mbili, kwa sababu ni namba mbili: hadi kumwona bingwa, na kutoka hapo hadi upasuaji wenyewe. Hospitali inaweza kukuona haraka na kukuweka kwenye foleni ya pili ambayo haikutajwa. Uliza kama presha yako, kisukari chako au uzito wako vinaweza kuwafanya wakukatae ukishafika, maana ukikataliwa unaweza kurudi mwanzo. Uliza mazoezi ya viungo baada ya upasuaji utafanyia wapi, kwao au karibu na nyumbani. Na uliza hili, ambalo halimo kwenye tovuti yoyote niliyowahi kuiona: kidonda kikianza kuvuja saa nane za usiku, napiga simu gani, na nani anapokea?